Kujifunza endelevu: neno la semina, kazi ya kila siku

Uliza ofisini ni nani anajiendeleza, utatajiwa waliojiandikisha Chuo Kikuu Huria, yule wa masijala anayesomea stashahada wikiendi, na mkuu wa idara ambaye shahada yake ya uzamili ina mwaka wa tano haijaisha. Hakuna atakayemtaja dada wa uhasibu anayekaa kila Julai na Sheria ya Fedha mpya na kalamu nyekundu, akipitia kifungu kimoja kimoja kabla ya chai ya saa nne. Kwetu kujiendeleza kumeshabaki na maana moja: kurudi darasani ili utoke na karatasi.

Kujifunza endelevu ni jambo jingine. Ni mazoea ya kuongeza ujuzi wa kazi yako kidogo kidogo, kila siku au karibu kila siku, ukiwa ndani ya kazi hiyohiyo, bila kungoja mtu akupeleke. Karatasi inaweza kupatikana njiani, au isipatikane kabisa.

Neno lenyewe linafaa kuangaliwa. Kufunza ni kitendo cha mtu mwingine juu yako. Ukishatia ile "ji" katikati, mfunzaji na mfunzwa wamekuwa mtu mmoja. Na tazama ukoo wake: mafunzo, mwanafunzi, fundisho, mwali anayefundwa na kungwi, hata fundi mwenyewe. Fundi na mwanafunzi ni watoto wa tumbo moja, jambo ambalo mafundi wengi wakishapata wateja wa kutosha hulisahau. Hilo "endelevu" ndilo lililoharibiwa kidogo. Limepakwa kwenye mabango ya miradi mingi mno hata ukilisikia unahisi harufu ya ukumbi wa hoteli, chupa ndogo za maji na fomu ya mahudhurio. Semina nazo zina kazi yake, sikatai. Ila kwenye semina nyingi nilizohudhuria, swali lililoulizwa kwa umakini mkubwa kuliko yote lilikuwa la posho.

Nitakueleza nilikoielewa dhana hii, maana haikuwa ukumbini. Ilikuwa gereji.

Gari langu ni Toyota IST, kama la nusu ya mji. Siku moja lilianza kumisi: ukisimama kwenye foleni linatetemeka kama lina homa, na taa ya injini imewaka. Fundi wa kwanza alilisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia plagi. Nikanunua plagi nne. Siku ya tatu taa ikarudi. Akasema basi ni pampu ya mafuta. Hapo nikaaga.

Fundi wa pili alikuwa na kimashine kidogo cha kupimia, kinachochomekwa chini ya usukani. Kikasoma P0301. Akanionyesha kwenye kioo cha simu yake: P ni mambo ya injini na gia, zile 03 mwanzoni zinahusu mfumo wa kuwasha, 01 ya mwisho ni silinda namba moja. Nikadhani atanituma dukani kununua koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwasha. Hakunituma. Alifungua koili ya silinda ya kwanza akaihamishia ya pili, ya pili akaileta ya kwanza, akafuta ile namba, akaniambia tuzunguke mtaa. Tuliporudi mashine ikasoma P0302. Ugonjwa umehama pamoja na koili. Kwa hiyo ni koili, na ni hiyo moja tu. Kama namba ingebaki P0301, koili ingekuwa haina hatia, na tungetafuta kwingine: nozeli, waya, au mgandamizo wa silinda yenyewe.

Nilimuuliza amesomea wapi. Akacheka, akanyoosha mkono juu ya kabati la spana na kushusha kaunta buku lenye alama za vidole vya oili. Alianza udogoni, enzi za kabareta, kwa kushika tochi na kuosha vyuma kwa petroli. Yalipojaa magari ya EFI, yaani yanayopuliza mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, akaona wenzake wanakimbiwa na wateja. Tangu hapo kila jioni, akishanawa mikono na kabla ya kufunga geti, anaandika gari moja tu la siku hiyo: lilikuja na dalili gani, mashine ilisoma nini, yeye alidhani nini, na kumbe lilikuwa nini. Akikwama, usiku anatafuta video moja inayohusu gari hilohilo, si nyingine. Kurasa za mbele za daftari zina makosa mengi ya tahajia na makosa mengi zaidi ya ufundi. Ameyakata kwa mstari mmoja ili yaendelee kusomeka. "Hapa nilimuuzia mtu koili nne bure," aliniambia, kidole kikiwa kwenye ukurasa mmoja.

Safu ile ya "nilidhani nini" ndiyo iliyonifungua macho. Watu wengi wanaoandika hukimbilia jibu. Yeye aliandika na kosa lake, kisha jibu kando yake, na akilipitia daftari anaona ni wapi akili yake huteleza: kwa miezi mingi alikuwa analaumu koili hata pale hewa ilipokuwa inavuja baada ya sensa ya hewa. Hilo kitabu hakiwezi kumwambia, kwa sababu kitabu hakimjui.

Sasa kwa nini kila siku? Kwa nini asikae Jumapili moja kwa mwezi akamaliza yote?

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaacha muda upite, kisha akapima ameokoa kazi kiasi gani anapozikariri upya. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imeyeyuka. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi, na baada ya mwezi kama moja ya tano. Kusahau, kwa maneno mengine, hufanya kazi yake kubwa mapema. Katika jaribio jingine aliona kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimfikisha karibu mahali pamoja na marudio 68 ya mkupuo mmoja. Aliyepita madrasa halihitaji jaribio hilo. Alilijua alipokuwa akidurusu sura ya jana kabla ya kupewa mpya, na bakora ikiwa karibu.

Ndiyo maana semina ya siku tano, hata iwe nzuri namna gani, ukikaa mwezi hujaigusa unabaki na kabrasha na begi lenye nembo.

Sababu ya pili ni kwamba ujuzi wa kazi huchacha. Mhasibu wa Tanzania aliyemaliza chuo mwaka 2008 alitoka na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20 kichwani. Mwaka uliofuata ikawa 18. Sheria ya VAT aliyosomea ikaja kubadilishwa yote, na mpya ikaanza kutumika 1 Julai 2015. Kati ya hapo kumekuwa na Sheria ya Fedha kila mwaka, ikipunguza hapa na kuongeza pale. Cheti chake hakijabadilika hata nukta. Kiko ukutani na fremu yake.

Hapo ndipo linapoingia neno mazoea, na hapa nina ugomvi na washauri wa mitandaoni wanaosema siku 21 zinatosha kujenga tabia. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL mjini London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 walioamua kufanya jambo moja dogo kila siku baada ya jambo jingine walilolizoea, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuanza kujifanya lenyewe. Kuna waliofika kwa siku 18, na kwa wengine hesabu ilionyesha watahitaji hadi 254. Mwenzako akishazoea wiki ya tatu nawe bado unajisukuma, hakuna kilichoharibika. Utafiti huohuo uliona kwamba kuruka siku moja hakukuvunja kitu, na hilo ndilo ningependa watu wengi wajue, kwa sababu wengi wetu tukikosa Jumatano tunatangaza kwamba mpango umekufa.

La kushika hapo ni ile "baada ya". Fundi wangu hakujiwekea saa. Alijiwekea kunawa mikono. Akinawa, mkono unaenda juu ya kabati. Mwalimu anaweza kufunga hilo kwenye kengele ya mwisho, muuguzi kwenye kukabidhi zamu, karani kwenye chai ya saa nne, kondakta kwenye hesabu za jioni. Aliyejiambia "nitasoma nikipata nafasi" mimi namjua vizuri, nimekuwa yeye kwa miaka. Kuna kipindi nilijaza simu video za Excel, nikawa nazitazama kwenye daladala kutoka Mbagala huku nimening'inia. Nilifikia mahali naweza kueleza pivoti, lile jedwali la kufupisha takwimu, ni nini kwa kujiamini kabisa. Siku bosi aliponipa jedwali la mauzo la robo mwaka nilikaa mbele yake kama mgeni, kwa sababu katika miezi yote ile sikuwahi kufungua jedwali hata moja. Bando lilikwisha, ujuzi haukuja. Kutazama mtu akiogelea hakulowanishi.

Wala dhana hii haikuletwa na intaneti. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili, vikundi vijijini vimezunguka redio, vinasikiliza kipindi, vinajadili, kisha vinatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayofuga mbu. Kipindi bila choo kingekuwa burudani tu. Leo walimu wa Tanzania wana MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo wazo lake ni lilelile: walimu wa shule moja wakutane hapohapo shuleni, wachambue somo lililowashinda, mmoja alifundishe, wenzake waangalie, warudi wajadili. Pale inapofanywa kweli ni kitu kizuri sana. Pale inapogeuka kujaza fomu ili mkaguzi akija aikute, imerudi kuwa semina bila chai.

Kuhusu kupanda cheo, nisikudanganye. Kuna sehemu za kazi ambako unaweza kujinoa miaka kumi na muundo wa utumishi usikutambue mpaka ulete cheti, na malalamiko ya watu hapo ni ya haki. Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi anayoijua tayari, penye mapengo anapewa mafunzo, kisha anapata cheti. Hapo mpangilio tuliouzoea unageuka. Ujuzi umetangulia, karatasi inafuata nyuma. Kwa anayefanya kazi katika ofisi, kinachofanana na hicho ni kuwa na ushahidi mkononi: ripoti uliyoiboresha, hesabu iliyokuwa inachukua siku mbili na sasa inachukua saa mbili, mwongozo wa kurasa mbili ulioandikia wageni wa idara. Kwenye usaili hayo yanasemeka. "Napenda kujifunza" haisemeki, kila mtu anasema hivyo.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la muda. Mama mwenye watoto watatu na safari ya saa mbili kwenda kazini, ajifunze lini? Jibu langu ni dakika kumi, na jambo moja, tena lile lililomkwamisha leo. Wanaoshindwa nawaona wakishindwa kwa ukubwa wa mpango: Kifaransa, kompyuta na uongozi, vyote kuanzia Januari. Fundi angeandika magari yote sita ya siku angeacha wiki ya pili. Aliandika moja.

Nilipita kwake tena mwezi uliopita kubadilisha oili. Nje kulikuwa na Toyota Aqua, gari linalotumia petroli na betri kwa pamoja, boneti juu, na vijana wawili wamesimama mbali nalo kidogo, mikono mfukoni. Kaunta buku lilikuwa limefunguliwa juu ya tairi, ukurasa mpya, kichwa kimepigiwa mstari: HAIBRIDI. Chini yake palikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza: betri kubwa volti 144. Wa pili ameuandika kwa herufi kubwa, akaurudia kwa kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka: WAYA ZA RANGI YA CHUNGWA USIGUSE MPAKA UJUE.