Je, Wajua Kwa Nini Mfumaji Anni Albers Aligeukia Uchapaji?

Anayefuma nguo huanza kwa kutandika nyuzi za mtande, zilizokazwa kwa urefu kwenye kitanda cha mfumi, kisha hupitisha mshindio kwa upana, juu ya uzi huu na chini ya ule, mstari baada ya mstari. Uzi hapo una njia mbili tu, na mfumaji anayetaka mstari wa mshazari hana budi kuujenga kwa vidato vidogo vidogo mithili ya ngazi. Aliyewahi kukitazama kikoi kwa makini analijua jambo hili: rangi zake zimo ndani ya nyuzi zenyewe, na ndiyo maana milia yake hunyooka. Kanga, kwa upande wake, hupigwa chapa baada ya kitambaa kukamilika, kwa hiyo korosho lake laweza kujipinda litakavyo.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa swali letu. Anni Albers, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899, alifuma kwa takriban miaka 40 kabla ya kugusa jiwe la kuchapia, na alipofika umri wa miaka 70 hivi aliachana kabisa na kitanda cha mfumi, akabaki na uchapaji hadi uzeeni. Ni nini kilichomvuta?

Ajabu ni kwamba hata ufumaji wenyewe hakuuchagua kwa moyo. Alipoingia shule ya sanaa ya Bauhaus, mjini Weimar, mwaka 1922, alitamani karakana ya vioo, lakini wanawake walikuwa wakielekezwa kwenye ufumaji, naye akaenda huko shingo upande. Nyuzi zikamteka. Mwaka 1933, baada ya shule hiyo kufungwa kwa shinikizo la Wanazi, alihamia Marekani pamoja na mumewe, mchoraji Josef Albers, wakafundisha katika chuo cha Black Mountain, North Carolina. Mwaka 1949 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalimfanyia maonyesho ya peke yake, heshima ambayo hakuna mfumaji aliyekuwa ameipata hapo kabla.

Mabadiliko yalianza mwaka 1963, Josef alipoalikwa kwenye karakana ya Tamarind, Los Angeles. Anni alifuatana naye kama mke tu, hadi June Wayne, mwanzilishi wa karakana hiyo, alipomhimiza naye ajaribu. Kazi ya hapo ilikuwa litografia, ambayo husimama juu ya jambo moja lijulikanalo na kila mpishi: maji na mafuta hayatangamani. Msanii huchora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likasawazika. Jiwe hupakwa gundi ya mti iliyotiwa asidi kidogo, kisha hulowanishwa. Rola yenye wino wa mafuta inapopita juu yake, wino hushika palipochorwa na hukataa penye maji, na karatasi ikigandamizwa hapo huondoka na mchoro.

Juu ya jiwe hilo Anni hakuchora maua wala sura za watu. Alichora uzi. Katika mfululizo wake wa mwaka 1964 uitwao Line Involvements, uzi huo hujipinda, hujifunga fundo, hupita juu yake wenyewe na kurudi chini, bila mtande wa kuuzuia. Tamaa hiyo haikuwa mpya. Katika nguo zake za ukutani alikuwa tayari akiongeza nyuzi za ziada zinazotangatanga juu ya kitambaa kama mwandiko, ufundi alioukuza kwa kuwasoma wafumaji wa kale wa Peru, ambao aliwaita walimu wake wakuu. Katika Six Prayers, aliyoifuma mwaka 1966 na 1967 kwa kumbukumbu ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, nyuzi hizo zinasomeka kama maandishi yasiyo na herufi. Lakini kila mpindo wa aina hiyo humgharimu mfumaji saa nyingi za kuinama, wakati jiwe linampa mpindo huohuo kwa mwendo mmoja wa mkono.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ni chungu. Yeye mwenyewe alisema kwamba kazi ya nyuzi huhesabiwa kuwa ufundi wa mikono, na iliyo kwenye karatasi huhesabiwa kuwa sanaa. Alisema kweli, na ni dhuluma kwamba ilikuwa kweli, kwani fikra ni zilezile na mkono ni uleule.

Hata hivyo, siamini kwamba aliuacha ufumaji. Tazama Red Meander: mwaka 1954 aliifuma kwa kitani na pamba, mstari mwekundu unaokata kona kama njia za mzingile, miaka 15 hivi baadaye aliuchukua mchoro huohuo akauchapa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia wavu wa kitambaa, akiulaza juu yake wenyewe hadi wekundu mmoja ukazaa wekundu kadhaa. Kwenye kitanda cha mfumi, rangi ya kati hupatikana kwa kupitanisha uzi wa rangi moja na wa nyingine. Kwenye karatasi aliipata kwa kulaza wino juu ya wino. Ni hesabu ya mfumaji, iliyohamia kwenye wino.

Mwaka 1978, akikaribia miaka 80, alitoa mfululizo wa Mountainous bila kutumia wino hata tone. Karatasi nyeupe iligandamizwa kwa nguvu juu ya bamba lililochongwa hadi pembetatu zake zikainuka kama matuta, na kinachoonekana ni mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili. Mtu akiisogelea, kidole humwasha kutaka kuipapasa, kama tufanyavyo sote dukani tunapoonyeshwa kitambaa.