Maadili ya kuhifadhi chakula kwa mionzi: maana yake nini?

Kuhifadhi chakula kwa mionzi ni kukipitisha, mara nyingi kikiwa kimeshafungwa, kwenye mionzi ya gama itokayo katika kobalti-60, au miale ya elektroni, au eksirei. Mionzi hiyo huharibu DNA ya bakteria na wadudu wasiweze kuzaana. Chakula chenyewe hakigeuki kuwa chanzo cha mionzi, kama vile mtu aliyepigwa eksirei asivyogeuka. Mwaka 1980 kamati ya wataalamu wa mashirika ya kimataifa ya chakula (FAO), nishati ya atomiki (IAEA) na afya (WHO) ilikubali kuwa kipimo cha wastani kisichozidi kilogrei 10 (kilogrei ni kizio cha mionzi inayofyonzwa na chakula) hakileti sumu kwenye chakula.

Wengi hudhani mjadala unaishia hapo. Hauishii, kwa sababu suala la maadili si usalama peke yake. Ni nani anajua, na nani ameamua.

Chukua kiazi. Kipimo kidogo tu, kama kilogrei 0.1, hukizuia kisichipue. Kiazi kisichotiwa mionzi kikikaa sana ghalani huota machipukizi na kusinyaa, na mnunuzi akikishika anajua kimekaa. Kilichotiwa mionzi hakioti kitu. Chakula kimeokolewa kisitupwe, nami nalihesabu hilo kuwa jambo jema kabisa. Ila mnunuzi amepoteza dalili aliyokuwa akiitegemea, kwa hiyo anadai maelezo badala yake.

Maelezo hayo ni lebo. Ipo alama iitwayo radura: mmea ndani ya duara ambalo mstari wake wa juu umekatikakatika. Umoja wa Ulaya unataka hata kiungo kimoja kilichotiwa mionzi kitajwe kwenye lebo. Marekani hailazimishi hivyo kwa kiungo kilichochanganywa ndani ya chakula kingine, wala kwa chakula cha mgahawani, kwa hiyo mtu anaweza kukila bila habari. Naona Ulaya wako sahihi: asiyeambiwa hakuchagua.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni mionzi kutumika kuficha uchafu. Nyama iliyoguswa na kinyesi machinjioni ikitiwa mionzi, bakteria wengi watakufa, kinyesi kitabaki. Nafaka iliyoota ukungu itabaki na aflatoksini yake, maana mionzi inayoua ukungu haifuti sumu uliyokwisha kuiacha. Ndiyo maana kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, zinakataza mionzi kushika nafasi ya usafi.