Vipele vya mtoto: ni chakula au ni kitu kingine?

Mwanangu anatoka vipele tangu aanze kula. Nitajuaje kama ni mzio wa chakula?

Angalia saa kwanza, vipele baadaye. Mzio wa haraka hujitokeza ndani ya dakika chache, na mara chache huvuka saa mbili baada ya mtoto kula. Chukua mtoto wa miezi 7 aliyelishwa yai saa tatu asubuhi. Baada ya dakika kumi anaanza kujikuna shingo. Pembeni mwa mdomo, kisha kifuani, yanainuka mabaka bapa yaliyovimba, kana kwamba ameumwa na mbu wengi kwa mpigo. Adhuhuri yamenywea bila kuacha alama. Hapo yai linastahili kushukiwa.

Mwenzake ana mashavu makavu yanayokwaruza tangu miezi miwili, kabla hajaonja chochote zaidi ya maziwa. Leo ana nafuu, kesho ngozi inachubuka, hata siku ambazo hakula kitu kipya. Huyo huenda ana pumu ya ngozi (ekzema), na ukifuta vyakula kimoja kimoja utamwachia njaa bila kumwondolea muwasho.

Lakini si pumu ya ngozi inaletwa na chakula?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoumia bure. Kwa watoto wengi chanzo chake si chakula: ngozi yao haishiki unyevu vizuri, na ukuta wake una mianya. Mara nyingi mambo huenda kinyume na tunavyodhani. Chembe za chakula zilizo mikononi mwetu au kwenye vumbi la nyumba hupenya kwenye ngozi iliyochubuka, na mwili ukakutana nazo kama adui kabla hazijapita mdomoni. Ndiyo maana mtoto mwenye pumu kali ya ngozi yumo hatarini zaidi kupata mzio wa chakula.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa London uliohusisha watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi, mzio wa mayai, au vyote viwili. Walianza wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 11. Kundi moja lilikula karanga mara kwa mara, lingine lilizikwepa. Walipofika miaka 5, takriban asilimia 17 ya waliokwepa walikuwa na mzio wa karanga, dhidi ya asilimia 3 ya waliokula. Kwa hiyo, kumnyima mtoto chakula anachokila bila shida, eti kwa tahadhari, kunaweza kumfungulia mlango mzio uleule unaouogopa. Mtibu ngozi kwanza: mpake mafuta mazito yasiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, na utumie dawa ya kupaka aliyoandikiwa bila kuiogopa. Kama pumu ya ngozi ni kali, ongea na daktari kabla ya kumwonjesha karanga. Karanga nzima usimpe kamwe, zitamkaba. Msagie ziwe laini na uzilainishe zaidi kwa maji au maziwa yake.

Ni nini kingine kinachofanana na mzio?

Vingi. Harara hutokea shingoni na kwenye mikunjo siku za joto. Mate humchubua mtoto kidevuni, na nepi humchubua mapajani. Nyanya na machungwa huacha wekundu kuzunguka mdomo kwa sababu ya ukali wake tu, na ukimfuta unapotea. Hata yale mabaka yaliyovimba, kwa watoto huletwa zaidi na maambukizi ya virusi. Kwa hiyo, kama alikuwa na mafua au homa wiki hiyo, iandike pia.

Ngozi ya mwanangu ni nyeusi, wekundu siuoni. Niangalie nini?

Tumia vidole. Mabaka ya mzio huinuka, na ukipitisha kiganja utayahisi hata kama rangi haijabadilika. Pumu ya ngozi kwenye ngozi nyeusi huonekana ya kijivu, ya zambarau au nyeusi zaidi ya ngozi ya jirani, mara nyingine kama vinundu vidogo vilivyosongamana. Mpeleke dirishani penye mwanga wa mchana, mpige picha papo hapo. Mkifika kwa daktari huenda vimeshapotea.

Bado ananyonya tu. Inaweza kuwa ni maziwa yangu?

Inawezekana, ila si kawaida. Protini ya maziwa ya ng'ombe unayokunywa wewe hupita kwa kiasi kidogo kwenye maziwa yako. Dalili za mzio wa aina hii huchelewa, saa kadhaa hadi siku mbili au zaidi, na mara nyingi tumbo nalo husumbua: kutapika, kuharisha, choo chenye damu. Usimwachishe ziwa. Ukishauriwa kuacha maziwa ya ng'ombe, uliza utapata wapi kalsiamu. Maziwa ya mbuzi hayasaidii, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Yasiyo na laktosi hayasaidii pia, kwa kuwa laktosi ni sukari na mzio unatokana na protini.

Nifanye nini nyumbani?

Weka daftari: alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, vipele vilianza saa ngapi, wapi mwilini, vilikaa muda gani. Vyakula vinavyoongoza kwa mzio ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, ufuta, samaki, kaa na kamba. Kila kimoja mwanzishie peke yake, kidogo, asubuhi, siku ambayo haumwi.

Akivimba au kutoka mabaka muda mfupi baada ya kula, acha chakula hicho na usikijaribu tena nyumbani, hata kidogo. Mwone daktari. Kama unashuku mzio unaochelewa, daktari anaweza kukuambia ukiondoe chakula kimoja kwa wiki 2 hadi 4, kisha ukirudishe. Wengi wanaruka hatua ya kurudisha kwa sababu ngozi imepoa, nao hawajui hadi leo kama ilipoa kwa chakula au kwa mafuta waliyompaka.

Kipimo cha damu hakitoshi?

Peke yake, hapana. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi kinaonyesha kwamba mwili unakitambua chakula, lakini mtoto anaweza kukila asidhurike. Kwa hiyo majibu yasomwe pamoja na daftari lako.

Lini nikimbie hospitali?

Ulimi au koo likivimba, sauti ya kilio ikikwaruza, akipumua kwa shida au kwa mluzi, akitapika mfululizo, akipauka au akilegea ghafla. Vipele vinaweza visiwepo kabisa. Dawa ya mzio mkali kama huu ni sindano ya adrenalini kwenye paja. Dawa ya maji ya mzio haichukui nafasi yake. Mlaze, usimsimamishe. Kama anapumua kwa shida, mwache akae.

Ataishi hivi maisha yake yote?

Mzio wa maziwa na wa mayai huwaishia watoto wengi wanapokua. Wa karanga huisha kwa takriban mmoja kati ya watano. Kumjaribu tena hufanyika hospitalini, kijiko baada ya kijiko, muuguzi akiwa pembeni na adrenalini tayari. Siku hiyo beba daftari.