Baruti haiyeyushi bamba

"Kwa hiyo ule moto wa baruti ndio unaoyayeyusha mabamba yakashikana?" Wiki hii nimeulizwa hivyo mara mbili kuhusu kuunga bamba la alumini na la chuma kwa mlipuko, na wa pili ni fundi wa kuchomelea mwenye miaka yake kazini. Hapana, jamani.

Moto upo, ila mlipuko hupita juu ya bamba kufumba na kufumbua. Joto halipati nafasi ya kupenya. Na lingepenya tungejuta. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, chuma karibu 1,500, na vikichanganyika majimaji huzaa kitu kinachovunjika kama kigae. Kwa sababu hiyohiyo mashine ya kawaida ya kuchomelea inashindwa kuviunga.

Kinachounga ni pigo. Bamba moja hulala chini, la pili huinuliwa juu yake milimita chache, vilipuzi hutandazwa juu na kulipuliwa kuanzia ukingo mmoja. Mlipuko hukimbia meta 2,000 hadi 3,000 kwa sekunde, na bamba la juu hupinda likalipiga la chini kwa mshazari. Bila mshazari huo hakuna kiungo: ndio unaofyatua mchirizi mwembamba wa metali, nao hufagia oksidi na uchafu, nyuso safi zikabanwa zingali yabisi. Kata kipande, king'arishe: utaona mpaka wenye mawimbi kama mchanga wa pwani maji yakipwa. Ndani ya mawimbi hayo vitone vilivyoyeyuka vipo, nakubali. Vikizidi ni kasoro, si gundi.

Kisha huja hoja nyingine. "Basi tieni baruti kali zaidi." Hapana: mgongano ukienda kasi kuliko sauti ndani ya metali, mchirizi haufanyiki.

"Baharini alumini italiwa." Maji ya chumvi hayana upenyo wa kuingia katikati. Ukingo ulio wazi ndio wa kuchunga; upake rangi.

"Kikishaungana, choma utakavyo." Hili linaniuma. Meli yenye kibanda cha alumini juu ya kiunzi cha chuma hutumia ukanda uliokatwa kwenye mabamba yaliyoungwa hivi: alumini unaichomelea upande wa alumini, chuma upande wa chuma, na mpaka usipite nyuzi 315 hivi. Tumia chaki ya joto, ile inayoyeyuka metali ikifika joto lililowekwa, choma vipande vifupi, acha upoe wenyewe. Mwaka jana nililetewa ukanda uliobanduka kama plasta; fundi aliuchoma mfululizo, mwanzo hadi mwisho, kisha akanieleza kwamba kiwandani baruti ilitiwa haba.