Methani ya mbuzi hutokea wapi?

Ni rahisi kudhani kwamba methani (gesi inayochangia ongezeko la joto duniani) ya mbuzi na kondoo hutoka kwa njia ya haja kubwa, na kwamba kuhesabu vichwa zizini kunatosha kuikadiria. Kwa kweli, sehemu kubwa ya gesi hiyo hutengenezwa na vijidudu tumboni, kisha hutoka mdomoni mnyama anapobeua. Samadi kavu hutoa kidogo mno. Kadirio la kilo 5 za methani kwa mnyama kwa mwaka, linalotumika sana kwa mifugo ya uzalishaji mdogo, ni wastani tu, kwa maana mwanambuzi aliyeanza majuzi kula majani hawezi kulinganishwa na beberu. Anayetaka kuhakiki akadirie uzito wa kila mnyama kwa utepe unaozungushwa kifuani, aandike umri na malisho ya kila msimu, kwani gesi hufuata zaidi kiasi na ubora wa chakula kinacholiwa.