Je, wajua kwa nini waonjaji wa mvinyo hutema badala ya kumeza?

Ukiwa likizoni na ukatenga siku nzima kuzungukia viwanda vya mvinyo, utakutana mapema na jambo la kushangaza. Juu ya meza ya kuonjea, kando ya chupa na glasi, pamewekwa ndoo ndogo. Mhudumu anamimina, mgeni mzoefu anazungusha glasi, ananusa, anapitisha mvinyo kinywani pande zote, kisha anautema ndooni bila haya. Anayeliona hilo kwa mara ya kwanza huhisi ni dharau: mwenye shamba amehangaikia mizabibu yake mwaka mzima, na jasho lake linatemwa mbele yake! Ila mwenye shamba mwenyewe hutema, na ndiye aliyeiweka ndoo pale.

Anza na hesabu. Kionjo kimoja huwa mara nyingi mililita 30 hadi 50. Tuchukue 30 tu. Ukionja mivinyo mitano katika kila kiwanda, na viwanda ni vinne, jioni utakuwa umepokea mililita 600, na chupa ya kawaida ina mililita 750. Kama mvinyo una asilimia 13 ya kileo, umemeza takriban gramu 60 za kileo kitupu. Ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo litahitaji saa sita hadi tisa kumaliza kazi hiyo. Na kabla hata ya kufika kiwanda cha tatu, uwezo wako wa kutofautisha mvinyo mmoja na mwingine umekwisha kufifia.

Swali la maana zaidi ni hili: anayetema anapoteza nini? Kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha haitoki kooni wala tumboni. Ulimi wenyewe hutambua mambo machache tu: utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Harufu ya ndimu, ya pilipili manga, ya maua au ya moshi unayodhani umeionja, kwa kweli umeinusa. Mvinyo ukipata joto la kinywa hutoa mvuke wenye harufu, nao hupanda kwa njia ya nyuma ya kinywa hadi puani. Jaribu mwenyewe: bana pua, weka peremende ya matunda mdomoni, nawe utapata utamu mtupu. Achia pua, na tunda litajitokeza papo hapo. Ndiyo maana mwenye mafua makali hulalamika kwamba chakula hakina ladha ilhali ulimi wake ni mzima.

Ni kweli kwamba kumeza kunasaidia kidogo: mara tu baada ya kumeza tunatoa pumzi fupi puani, na pumzi hiyo hubeba harufu. Anayetema anaweza kuipata pia. Akishatema, afunge midomo na kutoa pumzi taratibu kwa pua. Utando mwembamba wa mvinyo umebaki kinywani, na mvinyo mzuri utaendelea kunukia kwa muda. Mimi naona hapo ndipo penye raha kubwa kuliko zote katika kuonja, na anayegugumia haraka huikosa.

Kuzungusha glasi nako si madoido. Mvinyo ukitanda ukutani mwa glasi hugusa hewa nyingi zaidi, harufu zinaruka kwa wingi, na mdomo wa glasi uliosinyaa juu unazikusanya mahali pua inapoingia. Glasi iliyojaa haizungushiki, ndiyo sababu humiminwa kidogo.

Pua nayo hudanganyika kwa urahisi hata ikiwa timamu. Watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha mwaka 2001 jaribio lililowahusu wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa wanajifunza kazi hiyo hasa. Kama jicho peke yake linaweza kuipotosha pua kiasi hicho, sembuse kichwa kilichokwisha kulewa.

Kinywa pia huchoka, hata kwa anayetema. Mvinyo mwekundu una tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine kwenye mapipa ya mwaloni. Tanini hushikana na protini za mate, utelezi wa kinywa ukapungua, nawe ukahisi ukavu na ukakasi. Ndiyo maana meza hupangwa kuanzia mvinyo mweupe mwepesi, kisha mwekundu, na ule mtamu sana mwishoni, kwa sababu ukianza na mtamu, unaofuata utaonekana mchachu kupita kiasi. Mkate mkavu na maji kati ya vionjo husaidia kinywa kurudi. Manukato mazito uyaache chumbani, kwani yatafunika harufu ya kila glasi, yako na ya jirani yako.

Jambo moja kwa anayeendesha gari: ngozi laini ya kinywa hufyonza kileo kidogo, na mara nyingi matone kadhaa humezwa bila kukusudia. Vionjo ishirini vilivyotemwa havimaanishi sifuri. Bora usukani ashike asiyeonja kabisa, au mkodi dereva wa siku hiyo. Mkipata dereva, mnaweza kuchagua pamoja mvinyo mmoja ulioipita mingine yote, mkaagiza glasi yake kamili mwisho wa ziara, na huo mkaumeza.