"Kaka fuata ramani, mbona unanizungusha?"

Leo nimeambiwa tena, na huyu ni wa tatu tangu Jumatatu. Naendesha teksi Dar tangu 2004, kijiwe changu Mwenge, na miaka hii ya karibuni nimeingia mtandaoni kama wenzangu, abiria wananiita kwa app, kwa hiyo sina ugomvi na simu, ila hili la kufuata mstari wa bluu wa ramani ya simu limenichosha, ngoja niliseme lote.

Abiria wengi wanaamini ramani inaiona barabara. Haioni kitu jamani. Inachohesabu ni simu zilizomo kwenye magari, zinaenda kasi gani, zikitambaa inapaka nyekundu, zikikimbia inakwambia kweupe. Mwaka 2020 kuna msanii kule Berlin alijaza simu 99 kwenye kitoroli akakikokota taratibu, barabara tupu kabisa, Google Maps ikatangaza foleni. Sasa geuza upande wa pili, magari yakiisha barabarani kwa sababu maji yamejaa, hakuna simu ya kuhesabu, ramani inaegemea mazoea ya siku nyingine mpaka mtu aripoti kwamba pamefungwa.

Ndicho kilichonikuta na dada mmoja msimu wa masika, namtoa Manzese nampeleka Kariakoo, ramani inasema nyoosha Morogoro Road upite Jangwani, dakika kumi na tano. Mimi macho yangu yako kwenye njia ya mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yao katikati ya Morogoro Road, tangu tunatoka Manzese sijaona hata basi moja likirudi kutoka mjini, na mtu yeyote wa Dar anajua mwendokasi likikosekana wakati mvua imenyesha usiku kucha maana yake bonde la Msimbazi pale Jangwani limefurika. Kufika taa za Magomeni nikakata kulia, Kawawa, naelekea Kigogo nitokee Karume. Wee! Dada akaanza, oh unanizungusha, oh madereva teksi ndio zenu, simu nayo inapiga kelele geuza geuza. Nikanyamaza tu. Tunafika Karume akapigiwa na mwenzake wa dukani, yuko Magomeni Mapipa, kabla ya Jangwani, kasimama hajui arudi au asubiri. Dada akaweka simu kwenye pochi, kimya mpaka Kariakoo.

Na hata ukipiga hesabu ya kawaida tu, teksi ya kijiweni haina mita, bei tunapatana kabla hujafunga mlango, siku ile tulipatana elfu kumi, sasa nikikuzungusha mafuta ninayochoma ya nani kama si yangu? Halafu kuna trafiki, akishika makutano asubuhi anaweza kuita upande mmoja mpaka usahau unakoenda, na ramani haijui atawaachia saa ngapi. Dereva aliyepita pale kila siku miaka kumi anajua afande akisimama vile ni bora akate kushoto mapema.

Haya, sasa nisije nikaonekana najipendelea. Kuna wazee wenzangu kijiweni wanasema dereva mzoefu hahitaji ramani, hiyo nayo ni uongo. Posta, Ilala na Magomeni nakupeleka nikiwa nimefumba macho, lakini Goba, Madale, Kibada huko ndani, kila mwaka nyumba mpya na vichochoro vipya, mimi mwenyewe nilishazunguka Madale saa nzima usiku kwa kiburi cha kutowasha simu. Washa. Ila ukifika Kimara na makorongo yake shuka utazame kwanza, maana njia anayopita mtu kwa miguu ramani inaweza kukuchorea kama barabara.

GPS, ile ya simu kujua ulipo kwa setilaiti, inakula bando? Hapana. Setilaiti haikudai hata senti, bando linaliwa na picha ya ramani na taarifa za foleni, kwa hiyo pakua ramani ya Dar nzima ukiwa kwenye waifai uishi kwa amani. Kinacholiwa kweli ni chaji, nunua waya mzuri.

Mwisho ni hii pini, ile alama kwenye ramani inayoonyesha abiria alipo. Vijana wanaoanza kazi wanadhani pini ndiyo abiria. Kariakoo maghorofa yamebanana, mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta ndipo yaifikie simu, mtu yuko mtaa wa Aggrey pini inaangukia mtaa wa pili, na mtaa wa pili Kariakoo kwa gari ni safari nyingine kabisa. Tangu 2022 tuna anwani za makazi na vibao vimewekwa, lakini niambie nani anajua namba ya nyumba yake, mji huu bado unaelekezana kwa majina ya mitaani kama Sinza kwa Remmy na Tangi Bovu. Mimi rikwesti ikiingia kutoka Kariakoo napiga simu kabla sijawasha gari, nauliza umesimama mbele ya duka gani. Juzi mmoja akanijibu, "Mi niko hapo hapo kwenye pini."